Kulala Nyumba ya Kikoloni Kati ya Mashamba ya Chai, Amani: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Wasomaji wamekuwa wakiniandikia mambo yanayofanana. Wamefika mji wa Muheza, chini ya mlima, gari la Amani limeshaondoka. Wamefika juu usiku, jiko limezimwa, mpishi amekwenda kwake, maji ni ya baridi na chakula chao ni biskuti. Wengine wamezozana na mlinzi wa shamba la chai kwa ajili ya picha. Wengi wao walikuwa na fedha za kutosha na gari zuri. Kilichowaponza ni kwamba hakuna mwenyeji aliyejua kuwa wanakuja, lini, wangapi, na kwa kusudi gani.

Amani iko Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Juu huko yamebaki majengo ya enzi ya Wajerumani na Waingereza, yaliyojengwa kwa ajili ya watu wa utafiti wa kilimo, na baadhi yake hupokea wageni. Yamezungukwa na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, na ukitembea kidogo unatokea kwenye mashamba ya chai ya Monga na Kwamkoro. Pale hakuna mgahawa wa kukimbilia ukikosa chakula. Mchele, kuku, kuni za kuchemshia maji, hata mtu wa kukutandikia kitanda, vyote vinatafutwa kwa ajili yako, na baadhi yake hupandishwa mlima kutoka Muheza. Ukilishika hilo, nusu ya mwongozo huu umeshaielewa.

Nimeandika kwa kuitazama Amani. Anayekwenda kwenye chai ya Mufindi au Tukuyu, au Limuru na Kericho huko Kenya, atabadilisha barabara na majira tu; hatua ni zilezile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Fedha taslimu, nyingi zikiwa noti ndogo. Usipande mlima ukitegemea kupata mashine ya benki huko juu.
- Kitambulisho cha taifa au pasipoti. Viingilio vya hifadhi hutofautiana kwa raia wa Afrika Mashariki na wageni wengine, na bila kitambulisho huwezi kuthibitisha uraia wako.
- Sweta nzito, soksi za kulalia na koti la mvua. Lete hata kama unakwenda Januari.
- Viatu vya kufunga vyenye soli ya meno, pamoja na kandambili za ndani.
- Suruali ya pili ya kutembelea. Ya kwanza italoa, na kule nguo hazikauki upesi.
- Tochi, ikiwezekana ya kuvaa kichwani, pawabenki iliyojaa, na kiberiti.
- Dawa ya kufukuza mbu na dawa zako zote unazotumia.
- Chakula cha akiba cha mlo mmoja: mkate, karanga, ndizi, maji ya kunywa.
- Mkoba usiopitisha maji wa kuhifadhia simu na nguo kavu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo usiitegemee wala usivuke nayo mpaka wa Horohoro.
- Kilo mbili za sukari na gazeti la siku hiyo. Hivi havihitajiki kwa lazima, lakini kwa mtu anayeishi mlimani na kukupikia ni salamu nzuri kuliko maneno mengi.

## Hatua ya 1: Amua kama unalala Zigi au Amani juu

Watu wengi husema "nakwenda Amani" bila kujua kwamba kuna sehemu mbili za kulala zilizoachana kwa mwinuko na hali ya hewa.

Zigi ndiko kwenye lango la hifadhi, kama kilomita 25 kutoka Muheza. Kuna jengo la kituo cha reli ya zamani ya Wajerumani, na Mto Zigi unapita karibu. Ni chini, kwa hiyo kuna joto na mbu zaidi, na mashamba ya chai hayaonekani kutoka mlangoni.

Amani yenyewe iko takriban kilomita 7 mbele ya Zigi, na hizo kilomita 7 ni mlima mtupu wenye mawe na kona. Mwinuko wake ni karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Huko ndiko kwenye majengo mengi ya zamani, baridi ya jioni, na njia za kuingia kwenye chai.

Kama lengo lako ni nyumba ya kale na chai, lala Amani juu. Zigi inamfaa anayefika kwa kuchelewa, anayesafiri na mzee asiyeweza barabara ya mawe, au anayetaka vipepeo na mto. Ukiwa na siku tatu, lala Amani mbili na Zigi moja wakati wa kushuka. Mpangilio huo unakupa barabara mbaya ukiwa na nguvu, na unakuacha karibu na Muheza siku ya kuondoka.

## Hatua ya 2: Chagua majira kwa kuangalia barabara

Amani hupata mvua ya karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaoweza kuapa kwamba utakuwa mkavu. Kinachobadilika ni hali ya barabara.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mlima wa Zigi hadi Amani huteleza, na gari dogo halifai. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni nafuu kidogo, ila mvua za mchana hukatiza matembezi. Januari na Februari pana jua zaidi. Juni hadi Septemba ni baridi, ukungu hushuka asubuhi, na kwa maoni yangu ndio wakati nyumba hizi zinapokuwa tamu kulala.

Kwa anayekwenda kwingine: Mufindi hupata baridi kali Juni na Julai, hata umande wa kuganda, kwa hiyo ongeza koti la kweli. Kericho mvua huelekea kunyesha alasiri, na mvua ya mawe si ajabu huko. Matembezi yote ya shambani yafanyike kabla ya saa sita mchana.

## Hatua ya 3: Piga simu, na uulize maswali haya yote

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayobeba safari nzima. Piga angalau wiki moja kabla, kisha piga tena siku moja kabla ya kuondoka. Simu ya kwanza inaweka nafasi. Ya pili inamfanya mpishi aende sokoni. Namba za ofisi hubadilika, hivyo chukua ya sasa kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), wanaosimamia hifadhi. Usichukue namba kutoka kwenye picha ya bango iliyopigwa miaka kadhaa nyuma.

Eleza habari zako kwa mpangilio usioacha shaka. Mfano mzuri ni huu:

"Shikamoo mama. Naitwa fulani, napiga kutoka Dar. Tuko wanne, watu wazima watatu na mtoto mmoja wa miaka minane. Tutalala Ijumaa na Jumamosi, tunaondoka Jumapili asubuhi. Tunakuja na gari la abiria kutoka Muheza, kwa hiyo tutafika jioni, na tungeomba chakula cha usiku siku hiyo."

Taja majina ya siku utakazolala. Ukisema "siku mbili" mmoja ataelewa ni kulala mara mbili, mwingine ataelewa ni kulala mara moja na kushinda siku ya pili. Safari nyingi zimeharibikia hapo.

Kisha uliza:

1. Chumba kina choo na bafu ndani, au ni vya pamoja? Nyumba za zamani zilijengwa na bafu moja kwa vyumba vingi.
2. Maji ya moto yanapatikana vipi? Kama ni kwa kuni, niwaambie saa ngapi?
3. Umeme ukikatika mnatumia nini?
4. Chandarua kipo kwenye kila kitanda?
5. Mlo unaagizwa kabla ya saa ngapi, na kuna nyama au samaki, au nije nayo kutoka Muheza?
6. Sehemu ya kuotea moto sebuleni inafanya kazi? Bomba la moshi limesafishwa?
7. Wiki hii wanachuma chai upande gani, na kiwanda kinasaga?
8. Mwongoza njia anapatikana siku zetu?

Swali la saba linawashangaza watu, lakini ndilo linaloamua kama utaiona chai ikichumwa. Kipande kimoja cha shamba huchumwa kila baada ya siku 7 hadi 14 hivi, kutegemea mvua. Ukienda bila kuuliza unaweza kuzunguka asubuhi nzima kwenye majani yasiyo na mtu. Viwanda navyo husimama: kwa matengenezo, kwa majani kuwa machache wakati wa kiangazi, au kwa matatizo ya biashara. Uliza kila safari, hata kama rafiki yako aliingia mwezi uliopita.

Umefanikiwa ukiwa na: jina la mtu uliyezungumza naye, majibu ya maswali manane, na makubaliano ya mlo wa kwanza. Ukikosa jina, piga tena. Siku ya kufika, "nilizungumza na mtu mmoja" haisaidii chochote getini.

## Hatua ya 4: Malipo na kibali

Tenganisha malipo mawili kichwani mwako. La kwanza ni la hifadhi: kiingilio, kulala kwenye nyumba ya hifadhi, mwongoza njia. Hayo ni ya serikali, unapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu au benki, kisha unapata risiti. Omba namba hiyo ukiwa bado mjini, kwa sababu kulipa kwa simu kunahitaji mtandao ulio imara, na mlimani unaweza kuhangaika nao.

La pili ni la watu: mlo kama unapikwa na mwenyeji, kufuliwa nguo, mzigo uliobebewa. Hayo ni taslimu, na ndiyo maana nimesisitiza noti ndogo.

Tahadhari: mtu akikuomba ulipe kiingilio mkononi bila risiti, mwambie kwa upole kwamba unasubiri namba ya malipo. Viwango hupitiwa upya mara kwa mara, usimbishie afisa kwa kumwonyesha bei uliyoisoma mahali.

## Hatua ya 5: Panda mlima mchana

Kanuni ni moja: uwe umeshapita Zigi kabla ya saa kumi na moja jioni. Giza Tanga huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja, na chini ya miti mikubwa huingia mapema zaidi. Kona za mlima ule hazina kingo kila mahali, malori ya chai nayo hushuka, na ukungu ukikutana na giza dereva mgeni haoni mbele.

Kwa gari la abiria. Magari ya Amani na Kwamkoro huondoka Muheza mchana, mara nyingi kati ya saa saba na saa nane, na hurudi alfajiri. Ni machache. Ukitoka Dar es Salaam, panda basi la alfajiri la Tanga, pitia Chalinze na Segera, kisha mwambie kondakta tangu mwanzo kwamba unashuka Muheza. Kutoka Arusha au Moshi njia ni Same, Mombo, Korogwe, Segera. Kutoka Mombasa utapita Horohoro na Tanga mjini. Hesabu muda wa mpakani, na kama unaona hutafika Muheza kabla ya saa sita mchana, lala Tanga, kisha panda mlima kesho yake.

Ukishuka Muheza, fanya mambo haya kwa mfuatano huu. Kwanza nenda stendi ukaone gari na kuweka nafasi. Pili toa fedha. Tatu nunua nyama au samaki mliokubaliana, na machungwa. Muheza ndiyo nyumbani kwa machungwa. Wengi huanza na soko, wakirudi stendi gari limejaa hadi mlangoni.

Kwa gari lako. Lililoinuka linatosha kipindi cha ukavu. Masika chukua lenye kuendesha magurudumu yote manne. Jaza mafuta Muheza. Kwenye mlima tumia gia ndogo unapopanda na unaposhuka, na mpishe anayepanda akiwa na mzigo.

Kwa bodaboda. Inawezekana, lakini ni mwendo mrefu wa mawe na vumbi au tope. Vaa kofia ngumu, mkubaliane bei hadi Amani, si hadi Zigi, na usikubali kupanda mvua ikinyesha.

## Hatua ya 6: Saa ya kwanza ndani ya nyumba

Ukifika, usikimbilie kupiga picha. Tumia mwanga uliobaki kwa mambo yafuatayo.

Salimia kila mtu unayemkuta, mlinzi na mpishi kabla ya meneja kama hao ndio uliowakuta kwanza. Shikamoo kwa mkubwa, na usubiri marahaba kabla ya kuuliza chumba. Mimi naliona jambo hili kuwa zito katika nyumba hizi kuliko kwingineko. Zilijengwa kwa ajili ya mabwana waliohudumiwa na watu ambao hawakuruhusiwa kuketi barazani. Leo mwenyeji ndiye mwenye nyumba na wewe ni mgeni wake, na unavyomwita na kumwagiza kunaonyesha kama umelielewa hilo.

Kisha kagua chumba kukiwa bado na mwanga. Fungua na kufunga dirisha, maana mbao za zamani huvimba kwa unyevu na kukwama. Jaribu taa na soketi, na usichomeke birika au pasi bila kuuliza. Nyaya za nyumba kongwe hazikuwekwa kwa vifaa hivyo. Kunja shuka uone godoro limekauka. Tundika chandarua na utafute matundu. Fahamu choo kilipo na njia yake, ukipita mara moja bila tochi na mara moja nayo.

Usiburute kitanda wala meza. Sakafu ya mbao ya miaka mingi huchanika, na samani nyingi humo hazipatikani tena.

Mwisho, thibitisha saa ya chakula na saa ya maji ya moto.

Umefanikiwa ikiwa: kufikia giza unajua vitu vinne bila kuuliza: choo kiko wapi, ufunguo uko kwa nani, chakula saa ngapi, na nani wa kumwita usiku.

## Hatua ya 7: Moto, maji na usiku

Soma sehemu hii polepole, hata kama umelala milimani mara nyingi.

Usiingize jiko la mkaa chumbani. Baridi ikizidi mtu hushawishika, hasa aliye na mtoto. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, unasikia kichwa kizito na usingizi, na unalala usiamke. Mkaa ulioonekana kufifia bado unaitoa. Kuacha dirisha wazi kidogo hakuufanyi uwe salama. Ukiona baridi, omba blanketi la pili, vaa soksi, jaza chupa maji ya moto, izungushie kitambaa na uiweke miguuni.

Moto wa sebuleni ni jambo jingine, kwa sababu moshi na gesi hutoka kwa bomba. Lakini uwashwe na mwenyeji, au kwa ruhusa yake. Mabomba ya zamani huziba kwa masizi, na ndege au nyuki huweza kujenga ndani wakati hakuna wageni. Ishara ya bomba zuri ni kwamba moto ukiwaka, moshi unavutwa juu mara moja. Moshi ukirudi ndani, zimeni, fungueni milango yote na mtoke barazani. Kabla ya kulala acheni moto ufe wenyewe, na mmoja wenu ahakikishe hakuna kaa lililodondoka kwenye mbao.

Mshumaa uwekwe kwenye sahani ya chuma au udongo, mbali na pazia na chandarua. Tochi ni bora.

Maji ya kuoga. Kama yanachemshwa kwa kuni, toa taarifa mapema, saa kumi jioni ndiyo salama. Kuni za mlimani zina unyevu na huchukua muda kushika. Unapochanganya kwenye ndoo, mimina ya baridi kwanza kisha ya moto, hasa ukiwa na mtoto. Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa. Maji ya kijito ni meupe kwa macho, lakini mifugo na watu wako juu yake.

Mbu. Amani ina baridi kuliko Muheza, na watu hudhani hakuna malaria. Mbu wapo, na safari yako yenyewe imepitia tambarare. Lala ndani ya chandarua. Ukipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, kapime na umweleze daktari ulikotoka.

Usiku utasikia kelele darini na msituni. Popo na pimbi wa miti wana sauti kubwa kuliko miili yao. Mlio wa pimbi huanza kama mkwaruzo na kuishia kama kilio. Mwambie mtoto kabla hajausikia.

## Hatua ya 8: Kuingia kwenye chai

Mashamba makubwa ya chai ni mali ya kampuni, hata pale barabara ya kijiji inapopita katikati. Kutembea barabarani hakuna shida. Kuingia kati ya mistari, kupiga picha za watu, na kuingia kiwandani kunahitaji ruhusa, na ruhusa hiyo huombwa na mwenyeji wako au mwongoza njia siku moja kabla. Ukiomba langoni asubuhi hiyohiyo, mlinzi hana mamlaka ya kukukubalia, na kukukatalia ndiyo kazi yake.

Nenda mapema, ukiwa tayari kuloa. Wachumaji huanza asubuhi, na majani hushika umande hadi jua lipande. Ukipita kati ya mistari utaloa kuanzia kiunoni kushuka chini. Ndiyo sababu wachumaji hujifunga aproni ya plastiki. Vaa koti la mvua refu na viatu vya kufunga. Usivae kaptula: vichaka vilivyopogolewa vina vijiti vikali, na nyoka hupenda kivuli cha chini yake. Tembea kwenye njia za wachumaji, usitie mkono mahali usipopaona.

Usimsimamishe mchumaji. Wengi hulipwa kwa kilo. Kila dakika unayomweka kwenye picha ni majani ambayo hajachuma, na majani yakichelewa kupelekwa kupimwa hujichemsha kwenye kapu na kuharibika. Msubiri kwenye kituo cha kupimia. Hapo wanapumzika, wanazungumza, na ukiomba picha kwa adabu utajibiwa kwa kweli, ndiyo au hapana. Hapana ikisemwa, weka simu mfukoni.

Jifunze kuchuma kwa kutazama. Kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi la katikati. Jani la tatu limeshakomaa na kushusha ubora. Ukipewa nafasi ya kujaribu, vunja kwa kidole gumba na cha shahada, usivute. Ukivuta unachubua tawi. Unachochuma kiweke kwenye kapu la mwenyeji wako.

Uliza kama shamba limenyunyiziwa dawa. Ukiona mtu mwenye bomba mgongoni, au ukisikia harufu kali, geuza njia. Mtoto asitafune majani mabichi kwa vyovyote.

Kiwandani, ukiruhusiwa, funga nywele, vua bangili na mkufu, na usivae mtandio unaoning'inia. Mashine za kusaga zina rola zinazovuta. Fuata mpangilio wa jani lenyewe ili uelewe unachokiona: linanyaushwa kwenye mahori marefu yanayopulizwa upepo kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, linasagwa, linaachwa lichachuke hadi rangi ya kijani igeuke shaba, linakaushwa, kisha linachekechwa kwa madaraja. Kilo moja ya chai kavu hutokana na takriban kilo nne hadi tano za majani mabichi. Mahali pa kusimama muda mrefu ni kwenye uchachushaji. Weka pua karibu na uvute pumzi. Harufu hubadilika kutoka majani yaliyokatwa kuwa kama ya matunda, na msimamizi mzoefu huitumia kujua kama wakati umefika.

Umefanikiwa ikiwa: umerudi ukiwa umeloa, hujamchelewesha mtu, na unaweza kumweleza mwenzako kwa nini jani lililochumwa asubuhi linatakiwa kiwandani siku hiyohiyo.

## Hatua ya 9: Msitu, pamoja na mwongoza njia

Hapa nitapita haraka. Njia kadhaa huanzia Amani, na ya kilima cha Mbomole inafaa kwa anayetaka kuona chai na msitu vikiwa pamoja. Chukua mwongoza njia hata kama njia inaonekana wazi. Yeye ndiye anayemtambua kinyonga wa pembe tatu kwenye tawi, na anayejua siafu wamehamia wapi asubuhi hiyo. Ingiza suruali ndani ya soksi.

Matembezi ya usiku kutafuta vinyonga yanastahili kila shilingi, kwa sababu wakilala hupauka na tochi huwaonyesha upesi. Wasishikwe. Ua la Saintpaulia, linalouzwa madukani Ulaya kama ua la chunguni, kwao ni kwenye milima hii. Litazame kwenye jabali na uliache. Kung'oa mmea wowote hifadhini ni kosa. Droni nayo hairuki bila kibali.

## Hatua ya 10: Mezani

Kula kinachopikwa siku hiyo. Wali, maharage, mboga ya majani, ndizi, kuku akipatikana. Kuagiza kitu kingine saa moja usiku ni kumtuma mtu gizani.

Omba chai ya rangi, bila maziwa, angalau mara moja, na uulize kama kuna iliki au mdalasini. Viungo hivyo hulimwa kwenye milima hiyohiyo. Ukitaka kununua chai ya kubeba, muulize mwenyeji inakouzwa kihalali. Usinunue kwa mtu njiani, kwa sababu huwezi kujua kama imetoka kiwandani kwa ruhusa, na mlinzi akikukuta nayo utakuwa na maelezo ya kutoa.

## Hatua ya 11: Kuondoka

Kwa kuwa magari hushuka alfajiri, malizia kila kitu jioni ya kabla. Lipa mlo, dai risiti za hifadhi, andika kwenye kitabu cha wageni, na umuulize mwenyeji gari hupita saa ngapi na unasimama wapi. Mwombe amjulishe dereva kama anamfahamu. Omba chai ya kwenye chupa na maandazi, maana jiko halitakuwa limewashwa.

Zawadi ya shukrani mpe mtu mwenyewe, mkononi, ukimtaja jina. Ukimpa mmoja "mgawane", aliyekuchemshia maji saa kumi alfajiri anaweza asipate kitu. Watoto wa njiani wasalimie, usiwagawie fedha.

Uwe barabarani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, umevaa sweta, tochi mkononi ili dereva akuone. Ukifika Muheza, mabasi ya Dar na Arusha yanayotoka Tanga hupita barabara kuu. Subiri hapo badala ya kurudi Tanga mjini, na ukate tiketi kwa kuuliza kwanza kama kuna kiti.